Canterbury ni kiti, ni mji, au ni jengo?

Tangu Oktoba 2025, Sarah Mullally alipotangazwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo, jina la Canterbury halijatoka midomoni mwa Waanglikana wa Afrika Mashariki. Wapo walioshangilia, wapo waliokataa katakata. Mwezi huohuo Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, mwenyekiti wa Gafcon, umoja wa Waanglikana wahafidhina, alitoa tamko la kuzikataa taasisi zinazouzunguka uaskofu huo. Ugomvi huo una wenyewe, nami siuamui hapa. Kilichonikalisha chini ni maswali yanayoulizwa pembeni, watu wakisubiri chai baada ya ibada: Canterbury ni dhehebu? Si ndipo Mfalme Charles alipovishwa taji? Si lilijengwa na yule Agustino wetu, Mwafrika?

Majibu ni hapana, hapana, na hapana. Lakini kila swali limebeba mkanganyiko wenye sababu, na njia nyepesi ya kuutatua ni kuliangalia jengo lenyewe, kanisa kuu la Canterbury huko Uingereza.

Tuanze na maneno. Kiswahili kinasema "kanisa kuu", na hilo "kuu" ndilo linalotupoteza, kwa kuwa tunasikia ukubwa. Asili yake ni neno la Kigiriki, kathedra, maana yake kiti. Kanisa linakuwa katedrali kwa sababu kiti cha askofu kimo ndani yake, basi. Likiwa dogo kama darasa, ni katedrali. Likiwa kubwa kama uwanja wa mpira lakini halina kiti hicho, si katedrali. Watu wa Pwani hawahitaji maelezo marefu hapa: kiti cha enzi kilichokuwa kikiwekwa sebuleni mwa wakubwa wa Lamu hakikuwa cha kila mgeni, na nyumba iliyokuwa nacho ilijulikana ni ya nani.

Ndiyo maana Westminster Abbey, alikotawazwa Charles Mei 2023, si katedrali, ingawa ni jengo kubwa na lenye fahari. Ni kanisa la kifalme, lipo London, na halina askofu wake. Aliyemvisha taji ndiye Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Canterbury yenyewe ni mji mdogo katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa London, mwendo wa kilomita 90 hivi. Na tuongeze fundo lingine: Askofu Mkuu wa Canterbury kwa kawaida hafanyi kazi zake Canterbury. Makao na ofisi yake viko Lambeth, London, ng'ambo ya mto kutoka bungeni. Kanisa kuu la Canterbury lina mkuu wake, anayeliendesha siku hadi siku pamoja na baraza lake. Kwa hiyo mtu akisema "Canterbury imeamua", muulize: kiti, mji, au jengo?

Kuhusu Agustino, walikuwa wawili. Yule wa Hippo, mwanatheolojia wa Afrika Kaskazini, alifariki mwaka 430. Huyu wa Canterbury alikuwa mtawa aliyetumwa kutoka Roma na Papa Gregori Mkuu, akafika Kent mwaka 597. Hakukuta pori tupu la Ukristo. Mfalme Ethelbert wa Kent alikuwa na mke Mkristo, Bertha, binti wa Wafaranki, naye tayari alikuwa akisali katika kanisa dogo la Mtakatifu Martin, ambalo hadi leo linatumika. Agustino akaanzisha kanisa lake kuu mjini humo, akawa askofu mkuu wa kwanza.

Wageni huonyeshwa kiti cha mawe kiitwacho Kiti cha Mtakatifu Agustino, ambacho maaskofu wakuu hukalishwa. Jina ni la heshima tu. Kiti hicho kilichongwa katika karne ya 13, zaidi ya miaka 600 baada ya Agustino kuzikwa. Na kanisa alilolijenga yeye halionekani tena juu ya ardhi. Liliungua mwaka 1067, mwaka mmoja baada ya Wanormani kuvuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza. Askofu mkuu waliyemleta, Lanfranc, Mwitaliano wa Pavia, alijenga upya kuanzia 1070 na kumaliza katika miaka saba, kasi ambayo kwa jengo la aina hiyo inatia shaka hata leo. Warithi wake wakaona upande wa mashariki, wanakoimbia watawa, ni mdogo mno, wakaubomoa na kuurefusha, wakaweka chini yake kanisa la chini lenye nguzo fupi nene zilizochongwa wanyama na mazimwi. Sehemu hiyo ilizinduliwa mwaka 1130.

Hapo ndipo hadithi yetu inapoanza kunoga.

Tarehe 29 Desemba 1170, wapiganaji wanne wa Mfalme Henry wa Pili waliingia kanisani jioni na kumuua Askofu Mkuu Thomas Becket kwa panga. Alikuwa rafiki wa mfalme, kisha mpinzani wake katika mvutano wa nani mwenye mamlaka juu ya mapadri na mali za Kanisa. Mwaka 1173 Papa alimtangaza mtakatifu. Julai 1174 mfalme mwenyewe alikuja Canterbury akitembea miguu mitupu, akachapwa viboko na watawa kama toba. Miezi miwili baadaye, tarehe 5 Septemba, kanisa likaungua.

Tunajua lilivyoungua kwa sababu mtawa mmoja wa humohumo, Gervase, aliandika. Maandishi yake ni hazina, maana makanisa mengi ya wakati ule hayana shahidi wa aina hii. Anasema moto ulianzia nje ya lango, kwenye vibanda vitatu. Siku hiyo upepo wa kusini ulikuwa mkali. Watu wakakimbilia vibanda, wakauzima moto, wakarudi makwao wakidhani kazi imekwisha. Kumbe cheche zilikuwa zimepeperushwa hadi juu ya kanisa, zikapenya kwenye viungo vya paa. Paa lilikuwa la mbao, limefunikwa kwa mabamba ya risasi (ile metali laini nzito, si ya bunduki), na chini yake palikuwa na dari ya mbao iliyochorwa vizuri. Moto ukawa katikati, kati ya mabamba ya juu na dari ya chini, ukila boriti zilizokwisha kuoza nusu. Aliyekuwa ndani hauoni. Aliyekuwa nje hauoni. Mpaka risasi ilipoanza kuyeyuka ndipo moshi na ndimi zikatokeza, na mayowe yakapigwa kwamba kanisa linaungua. Boriti zikaanguka juu ya viti vya watawa, viti vikawaka, na moto wa viti ukazichoma nguzo za mawe zilizo jirani. Gervase anaeleza watu waliojipigiza vichwa na mikono ukutani kwa uchungu, wengine wakimlaani Mungu na watakatifu wa kanisa hilo.

Kwa miaka mitano watawa waliimbia upande wa watu wa kawaida, nyuma ya ukuta wa muda.

Sasa tuondoe dhana moja iliyoenea: kwamba makanisa haya yalijengwa na watawa kwa mikono yao, kwa sala na bila hesabu. Watawa wa Canterbury walifanya kile ambacho kamati ya ujenzi ingefanya leo. Waliita mafundi kutoka Ufaransa na Uingereza, wakasikiliza, na mafundi wakabishana. Wengine walisema nguzo zinaweza kutengenezwa. Wengine wakasema hapana, kama mnataka usalama, yote yashuke chini. Aliyepewa kazi ni Mfaransa, William wa mji wa Sens, mwashi na seremala kwa pamoja, mtu aliyesifika kwa akili.

Alichofanya William mwanzoni kila aliyewahi kujenga nyumba atakitambua. Alipima, akakagua ndani na nje, akajua ukweli, lakini hakuwaambia watawa mara moja. Gervase anasema aliogopa kuwaua kwa habari hiyo, jinsi walivyokuwa wamevunjika moyo. Akaendelea na maandalizi kimyakimya, na walipoanza kutulia ndipo akakiri: nguzo zilizoungua na vyote vilivyo juu yake lazima vibomolewe. Wakakubali. Mafundi wetu nao wana namna yao ya kuchelewesha hesabu ya mwisho, ingawa si kila mara kwa huruma.

Mawe aliyaagiza kutoka Caen, Ufaransa, kwa meli. Alibuni mashine za kuyapakia na kuyapakua, na akawagawia wachongaji vielelezo vya maumbo ili kila jiwe litoke kwa kipimo kimoja. Hiyo ni kazi ya ofisi, si ya muujiza.

Kuelewa alichobadilisha, tunahitaji somo dogo la matao. Ukuta wa mawe unabeba uzito vizuri ukishuka wima. Tatizo ni tao, kwa kuwa tao halishuki tu, linasukuma pia kando. Waweke watu wawili wakitazamana, waegemeane viganja kwa viganja, kisha kila mmoja arudishe miguu nyuma. Miguu ikiwa karibu, wanasimama. Wakiirudisha mbali, visigino vinaanza kuteleza. Tao la nusu duara la Wanormani ni wale wenye miguu mbali: linasukuma sana, kwa hiyo kuta lazima ziwe nene na madirisha madogo. Tao lenye ncha juu ni wale wenye miguu karibu. Uzito unashuka zaidi, unasukuma kando kidogo. Faida yake ya pili, ambayo waashi waliipenda pengine kuliko ya kwanza, ni kwamba unaweza kulibana au kulipanua bila kubadilisha kimo chake. Nusu duara haikupi uhuru huo: upana ukiongezeka, kimo nacho kinaongezeka.

Kisha dari. Aliyeingia kanisa la Mkunazini, Unguja, ambalo Askofu Edward Steere alilijenga mahali palipokuwa soko la watumwa, ameona dari ya zege ya duara, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Dari ya namna hiyo inalalia ukuta mzima, mwanzo hadi mwisho. William alitumia njia nyingine. Ligeuze jahazi kifudifudi, uingie chini yake utazame juu: utaona mataruma yakipanda kutoka pande mbili na kukutana juu, na mbao zikijaza kati. Dari yenye mbavu ni hivyo. Mbavu za mawe hujengwa kwanza juu ya umbo la mbao, kama tunavyopiga mbao kabla ya kumwaga zege, kisha nafasi zinajazwa kwa mawe mepesi. Uzito unakusanywa na mbavu na kuteremshwa kwenye nguzo chache. Ukuta ulio kati ya nguzo unabaki bila kazi kubwa, na ukuta usio na kazi unaweza kutobolewa dirisha. (Hata sehemu ya waumini katika makanisa haya, kwa lugha kadhaa za Ulaya, huitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya chombo cha baharini.)

Msukumo uliobaki unapokelewa nje. Mkulima akiona mgomba umelemewa na mkungu, anauegemeza kwa mti wenye panda. Mihimili ya nje ya makanisa ya aina hii, ile inayoonekana kama nusu tao linaloegemea ukuta, ni panda hiyo ya mgomba. Pale Canterbury ni midogo, ya woga kidogo, kana kwamba fundi bado anaijaribu. Ndiyo kwanza mtindo huo, tunaouita Gothi, ulikuwa ukivuka bahari kutoka Ufaransa, na upande huu wa mashariki wa Canterbury ndio jengo kubwa la kwanza la Gothi Uingereza. Matao yenye ncha ya All Saints, Nairobi, au ya Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, ni vitukuu vyake na vya ndugu zake wa Ufaransa.

Gervase alilinganisha zamani na sasa kwa jicho la mtu aliyeimba katika yote mawili. Nguzo ni nene vilevile, anasema, lakini zimerefuka kwa karibu futi 12. Zamani zilikuwa 22, sasa 28. Zamani vichwa vya nguzo vilikuwa vitupu, sasa vimechongwa majani. Zamani walichonga kwa shoka, sasa kwa patasi. Zamani dari ilikuwa ya mbao iliyopakwa rangi. Sasa ni ya mawe.

Shikilia hilo la dari ya mawe, nitalirudia.

Mwaka 1178, William alipokuwa akiandaa kufunga dari kubwa, mbao zilivunjika chini ya miguu yake. Alianguka futi 50, karibu mita 15, pamoja na mawe na magogo. Hakufa. Kwa muda aliongoza kazi akiwa kitandani, akimtumia mtawa kijana awe miguu na macho yake, jambo lililowatia wengine wivu. Mwisho akashindwa, akarudi kwao Ufaransa. Aliyempokea ni William mwingine, Mwingereza, ambaye Gervase anamweleza kuwa mfupi wa mwili, hodari wa kazi nyingi na mwaminifu. Watawa walirudi kwenye viti vyao Pasaka ya 1180, na kazi ikafika mwisho mwaka 1184.

Ukisimama ndani leo utagundua kasoro: jengo lina kiuno. Kuta za pande mbili zinakuja ndani, zinabanana, kisha zinaachana tena. Watalii hudhani ni macho yao. Sababu ni kwamba minara miwili ya kanisa la zamani ilikuwa imepona moto, na mafundi hawakutaka kuibomoa, wakapitisha jengo jipya katikati yake. Mimi nakipenda kiuno hicho kuliko sehemu zote, maana kinasema wazi kile ambacho jengo zima linakificha kwa ustadi: kwamba hakuna "kanisa la Canterbury" moja. Kuna nyumba iliyojengwa juu ya nyumba, kila kizazi kikibakiza kile ambacho hakikuwa na moyo au fedha ya kukivunja.

Hata vioo vina tabia hiyo. Mwaka 2021 watafiti wa chuo cha University College London waliopima kemia ya vioo vya rangi vinavyoonyesha mababu wa Kristo waligundua kwamba baadhi yake huenda vilitengenezwa kati ya miaka ya 1130 na 1160. Maana yake vilikuwepo Becket akiwa hai, vikaokoka moto, vikapandishwa kwenye madirisha mapya.

Mwili wa Becket ulihamishiwa mwaka 1220 kwenye kaburi la fahari nyuma ya madhabahu kuu, juu, ambapo mahujaji walipanda ngazi za mawe ambazo magoti na nyayo zimezichimba mabonde. Sadaka zao ndizo zilizolisha jengo. Mwaka 1377 upande wa waumini wa Lanfranc ulishushwa, ukajengwa upya chini ya usanifu unaohusishwa na Henry Yevele, mwashi wa mfalme: nguzo ndefu zisizokatika, kana kwamba mtu ameuvuta mchoro wote kwenda juu. Ulikamilika mwanzoni mwa karne ya 15. Karne hiyo ikikaribia kwisha, John Wastell akainua mnara wa kati, Bell Harry, wenye mita 72 hivi. Unauona wote ni mawe, lakini ndani yake mna karibu matofali nusu milioni. Mawe ni ganda. Anayedhani kufunika tofali kwa kitu cha thamani ni ujanja wa siku hizi, aende akautazame.

Swali la nne ambalo huwa halikosi: je, Waanglikana waliwanyang'anya Wakatoliki? Kanisa lilikuwa chini ya Roma tangu 597 hadi Mfalme Henry wa Nane alipojitenga mwaka 1534. Hakuna aliyehamishwa kwa mkupuo. Jengo lilibaki lilelile, na wengi wa watu walibaki walewale. Kilichoondoka ni kaburi la Becket, lililovunjwa kwa amri ya mfalme mwaka 1538 na mali yake kuchukuliwa. Mfalme asingependa watu waende kumheshimu askofu aliyempinga mfalme. Mwaka 1540 utawa nao ukafungwa. Mahali pa kaburi leo pana mshumaa mmoja unaowaka sakafuni, na mwaka 1982 Papa Yohane Paulo wa Pili alipiga magoti pamoja na Askofu Mkuu Robert Runcie pale Becket alipouawa.

Turudi kwenye dari. Watu walioona Notre-Dame ya Paris ikiungua Aprili 2019 walishangaa asubuhi kukuta sehemu kubwa ya ndani imesimama. Paa la mbao liliteketea, dari ya mawe chini yake ikakinga. Canterbury ilikuwa imeshalipita jaribio hilo. Mwaka 1872 paa lililo juu ya upande wa mashariki lilishika moto, palepale palipowahi kuwa na mahame ya 1174. Mbao ziliwaka, risasi ikayeyuka, na dari ya akina William ikauzuia moto usiteremke kwenye viti.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1942 ndege za Ujerumani zilipolenga mji, sehemu kubwa ya katikati ya Canterbury iligeuka majivu, na maktaba ya kanisa ikabomolewa. Vioo vingi vya zamani vilikuwa vimekwisha kung'olewa na kufichwa. Lakini safari hii hakuna aliyesubiri risasi iyeyuke ndipo ajue. Walinzi walikuwa juu ya paa lenyewe, na kila bomu la moto lililotua kwenye mabamba walilisukuma likaangukie nyasini.